Mbu Ndani ya Vani ya Kwaya

"Iwashe," Ntinyari alisema.

Cicily aliingia kwenye vani, akazungusha ufunguo. Injini ikakohoa, ikashika. Akafungulia redio. Kwaya ya watoto ikaanza kuimba kwenye spika, sauti tamu kabisa, halafu nyuma ya wale watoto ikasikika sauti nyingine ambayo hakuna aliyeialika: nyembamba, ndefu, iiiiii, kama mbu aliyeingia ndani ya neti akakosa pa kutokea.

"Umesikia?" Cicily alitoa kichwa dirishani. "Ngoja nikanyage mafuta."

Akakanyaga. Mbu akapanda juu, akalia kama anayefinywa. Akaachilia, mbu akashuka.

"Huyo ndiye mgeni tuliyerudi naye kutoka Mitunguu."

"Sisi hatufugi mbu, Mama Nyaga," Celina akajibu kutoka kivulini, chini ya mti wa avokado.

"Nyinyi hamfugi. Kijana wenu ndiye anafuga."

Ntinyari aliinua tochi yake juu, ingawa ilikuwa asubuhi na jua la Karurumo lilikuwa limeshapamba moto. Tochi hiyo aliitumia kama askari wa barabarani anavyotumia mkono. Wanawake wote wawili wakanyamaza.

Ntinyari alikuwa na ofisi ndogo ya upelelezi mjini Meru, juu ya duka la mbegu. Kabla ya hapo alifanyia kazi kampuni moja ya bima, kazi ya kuingia ndani ya magari yaliyoungua na kusema kama moto ulijiwasha au uliwashwa. Alikuwa ameona mengi meusi katika kazi hiyo, ndiyo maana siku hizi alipenda kesi ambazo gari bado lina rangi yake.

Kesi hii aliletewa na Celina, mkulima wa ndizi kutoka Mitunguu. Binti yake Makandi alikuwa ameposwa na Nyaga, kijana wa Cicily na Gichovi wa hapa Karurumo. Wazazi wa Nyaga walikwenda Mitunguu kwa vani yao, ile Cicily anayobebea watoto wa kwaya ya kanisa, kupeleka asali ya uchumba, wakapokelewa vizuri, wakala, wakaomba, wakaimba. Siku hiyo mwana wa Celina aitwaye Mithika, fundi wa redio za magari mjini Meru aliyewafungia redio hiyo mwaka jana, alionekana peke yake ndani ya vani, dashibodi imefunguliwa. Baada ya safari hiyo redio ikaanza kulia. Cicily akajumlisha moja na moja: redio nzuri imeibwa, mahali pake imewekwa takataka. Na alikuwa ameshatuma ujumbe kwamba wazee wakikutana Jumamosi, atasimama mbele yao aseme kwamba mwanawe haoi katika nyumba ya wezi.

"Nitafutie ukweli tu," Celina alikuwa amesema ofisini, macho mekundu kwa kukosa usingizi. "Kama ni yeye, najua la kufanya na mtoto wangu. Kama si yeye, hao watu waniangalie usoni."

Mithika mwenyewe alitaka kuja. Ntinyari alimkatalia. Mshukiwa hagusi ushahidi.

"Sasa zima injini, Mama Nyaga, lakini redio iache."

Injini ikazima. Watoto wakaendelea kuimba peke yao, bila mbu.

"Washa tena."

Mbu akarudi.

"Injini ikilala, mbu naye analala," Ntinyari alisema. "Basi chakula chake kinatoka kwa altaneta, ile mashine inayotengeneza umeme injini ikizunguka."

"Nilisema! Nilisema ni altaneta!"

Sauti hiyo ilitoka nyuma ya nyumba, na nyuma ya sauti akatokea mzee Gichovi, baba yake Nyaga, mrefu, kofia imekaa upande, mkononi kichana cha ndizi mbivu. Alimpa Ntinyari mkono, akampa na ndizi, kisha akampa na ushauri.

"Karibu, mpelelezi. Altaneta ikizeeka ndivyo inavyofanya. Hakuna mwizi, hakuna nini. Tunanunua nyingine, mambo yanaisha, watoto wanaoana."

"Juzi ulisema ni baridi," Cicily akasema.

"Baridi huingia kwa altaneta."

Ntinyari alifungua boneti, akaweka nyaya za mita yake kwenye betri, moja huku na moja kule, akasoma. Akasikiliza mkanda ukizunguka. Akafunga boneti.

"Altaneta haina kosa. Kila altaneta ina kelele yake ndogo, hata ya gari jipya. Ninachouliza ni nani aliyeifungulia mlango ikaingia kwenye muziki."

"Si nimekuambia nani?" Cicily akasema.

"Umeniambia. Bado hujanionyesha."

Aliingia mbele, akaanza na vitu vya karibu. Kwenye dashibodi kulikuwa na tundu jipya la kuchajia simu, chaji yake ikiwa imechomekwa hapo.

"Hii iliwekwa lini?"

"Siku hiyo hiyo ya Mitunguu. Ndiyo aliyokuwa anaweka, ati ni zawadi kwa shemeji yake." Cicily alivuta mdomo. "Mtu akitaka kuingia kwako huwa haji mikono mitupu."

Celina alifunga macho. Ntinyari alijua sababu. Chaji za bei rahisi huwa na kelele zao pia, na kama ni hii, basi mwana wa Celina ndiye aliyeleta mbu, hata kama hakuiba kitu. Akaichomoa.

Iiiiii.

"Siyo hii," Ntinyari akasema, akaiweka chaji juu ya kiti. "Hii iende nyumbani."

Celina akafungua macho.

Kisha redio yenyewe. Ntinyari aliivuta kutoka mahali pake mpaka ubavu wake ukaonekana, akamulika. Mithika alikuwa amemweleza jana yake jinsi anavyotia alama kazi zake: kila skrubu ya redio huipaka tone la rangi nyekundu ya kucha, ili akirudishiwa ajue kama kuna mkono mwingine umepita. Matone yalikuwepo yote. Hakuna lililopasuka, na juu ya rangi vumbi lilikuwa limekaa na kushikana kabisa.

"Hii ndiyo redio aliyowawekea mwaka jana. Haijaguswa."

"Anaweza kuwa ameng'oa yote akaweka nyingine, akaipaka hiyo rangi yake."

"Na vumbi la mwaka mzima?"

"Meru kuna vumbi la kutosha," Cicily akasema.

Gichovi alicheka mpaka kofia ikasogea. Mkewe hakucheka, kwa hiyo akaacha.

Ntinyari aliegemea mlango wa vani. Watu hudhani upelelezi wa kelele ni masikio tu. Yeye alianza na saa na siku.

"Mama Nyaga, mlipoondoka Mitunguu, redio ilikuwa inaimba?"

"Ilikuwa imewashwa, ndiyo."

"Ikilia hivi?"

Cicily akafikiri. Alikuwa mwanamke mkali, lakini hakuwa mwongo. "Tulikuwa tunaimba sisi wenyewe. Sikuisikia."

"Mimi niliisikia," Celina akasema. "Niliwasindikiza mpaka Nkubu, nimekaa hapo nyuma kabisa, sikio kwenye spika. Ilikuwa safi. Nilijiambia, huyu mtoto wangu kweli anajua kazi."

"Wewe ni mama yake."

"Ni mama yake, na masikio ni yangu."

"Tuseme hivi," Ntinyari akaingilia. "Mbu ulimsikia mara ya kwanza lini, wewe mwenyewe?"

"Jumanne. Nilikuwa napeleka watoto wa kwaya Runyenjes."

"Mlirudi Jumamosi. Kati ya Jumamosi na Jumanne nani aliigusa vani hii?"

"Hakuna. Nyaga alikuwa amerudi kazini Embu. Baba Nyaga aliiosha tu."

"Aliiosha?"

"Hata mimi nilishangaa. Tangu anioe hajaosha kikombe."

Gichovi alikuwa anamenya ndizi kwa uangalifu mkubwa, kama mtu anayefungua mzigo wa kioo.

"Gari la kwaya lazima liwe safi," akasema.

Ntinyari alimtazama akimenya. Alirudi mbele, akapunguza sauti ya redio hadi mwisho, mpaka kwaya ikapotea kabisa. Mbu hakupotea. Alibaki vile vile, wala hakupungua hata kidogo.

"Hapo ndipo amejifichua mwenyewe," Ntinyari akasema. "Angekuwa anaingilia ndani ya redio au kabla yake, angepungua pamoja na watoto. Hakupungua. Kwa hiyo anaingia baada ya redio, njiani kwenda kwa amplifaya, mashine inayokuza sauti. Amplifaya iko wapi?"

"Huko nyuma," Cicily akaonyesha. "Chini ya benchi la watoto."

Wakazunguka wote mpaka nyuma. Mlango ulipofunguliwa, Ntinyari hakuangalia amplifaya kwanza. Aliangalia sisimizi. Walikuwa wametoka kwenye ua wa michongoma, wakapanda gurudumu, wakapita bamba, wakaingia ndani kwa msururu mmoja wenye nidhamu, kama watu wanaoenda kwenye sherehe waliyoalikwa.

"Watoto humwaga makombo ya mandazi," Gichovi akaeleza kabla hajaulizwa.

"Bila shaka," Ntinyari akasema, na akaliweka jibu hilo pembeni.

Amplifaya ilikuwa ya kawaida: waya mnene mwekundu unaoleta umeme kutoka kwa betri, nyaya mbili nyembamba zinazoleta sauti kutoka kwa redio, na waya mnene mweusi wa athi, ule unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari, umefungwa kwa bolti sakafuni. Ntinyari alizichomoa zile nyembamba. Mbu akanyamaza.

"Amekufa?" Celina akauliza.

"Amefungiwa nje. Nipe simu yako, Mama Makandi."

Akachukua waya mfupi kutoka kwenye mkoba wake, akaunganisha simu ya Celina moja kwa moja na amplifaya. Wimbo wa Kimeru ukalipuka nyuma ya vani, msafi, bila mbu, na Celina akajikuta anatikisa bega moja.

"Amplifaya haina kosa, spika hazina kosa," Ntinyari akasema.

"Basi ni redio!" Cicily akapiga makofi mara moja. "Si mwenyewe umeona? Ukitoa redio, kelele inaisha. Ukiweka simu, safi. Redio ni mbaya. Mithika ametuuzia ubaya."

Hapo hata Celina alimtazama Ntinyari kwa hofu. Kwa mtu asiyejua, kesi ilikuwa imekwisha. Ntinyari mwenyewe aliwahi kuona watu wakinunua redio mpya kwa ushahidi wa aina hii, na mbu akahamia kwenye ile mpya siku hiyo hiyo.

"Simu ya Mama Makandi haijafungwa kwa gari hili mahali popote," akasema. "Inakula betri yake yenyewe. Redio imefungwa kwa bodi ya gari, na amplifaya imefungwa kwa bodi ya gari. Wote wawili wanarudisha umeme wao hapo. Mmoja wao akikosa njia ya kurudi, atapita kwa mwenzake. Nitajaribu jambo moja, na nikikosea nitakuambia nimekosea."

Akarudisha nyaya za sauti. Mbu akaanza. Ntinyari akatoa kwenye gari lake zile kebo za kuamshia betri iliyokufa, akaunganisha mbili zikawa moja ndefu, akafunga ncha moja kwa upande hasi wa betri. Ncha nyingine akaipitisha dirishani mpaka nyuma, akaigusisha pale waya mweusi unapoingia kwenye amplifaya.

Kimya.

Akaiondoa. Iiiiii.

Akaigusisha. Kimya.

"Rudia," Cicily akasema kwa sauti ndogo.

Akarudia. Watoto waliimba peke yao, wazi, hata pumzi zao kati ya mistari zikasikika.

"Redio ni ile ile na sasa haina mbu," Ntinyari akasema. "Ubaya uko kwa athi. Amplifaya imekosa njia nzuri ya kurudi, na mimi nimeiazima njia. Baba Nyaga, zima injini tafadhali."

Gichovi akaenda kuzima. Alichelewa kurudi kidogo.

Ntinyari alipiga magoti. Aliweka ncha moja ya mita kwenye pete ya chuma iliyo mwishoni mwa waya mweusi, nyingine akaikwaruza kwenye chuma cha bawaba ya mlango. Mita hii hulia pii umeme ukipata njia. Ililia kwa kukatikakatika tu, bolti ikigusa chuma kwa shida. Akachukua kisu kidogo, akakwangua pembeni mwa bolti, kisha chini ya ile pete yenyewe. Kitu chepesi kikabanduka, akakiinua kwenye ncha ya kisu.

"Vani yenu ni nyeupe, ndani na nje. Hii ni rangi gani?"

Cicily akainama. "Kama maziwa ya chai."

Wote watatu, bila kuambiana, wakageuka kuangalia geti. Lilikuwa geti zuri, jipya, la rangi ya maziwa ya chai.

"Baba Nyaga," Ntinyari akaita. "Geti mlilipaka lini?"

"Geti?" Gichovi alikuja taratibu. "Geti tulilipaka... ni kitambo."

"Jumatatu," Cicily akasema.

"Na vani?"

"Vani haipakwi rangi ya geti, mpelelezi."

"Mimi pia nilidhani hivyo. Fundi anayejua kazi hukwangua chuma kikawa kitupu ndipo afunge athi, kwa sababu umeme haupiti kwenye rangi. Mithika alikwangua, anasema hivyo, na mbu hakuwepo mwaka mzima. Halafu mtu akafungua bolti, akapaka sakafu yote vizuri, akarudisha bolti juu ya rangi. Mtu huyo hakuwa Mitunguu. Alikuwa hapa, kati ya Jumamosi na Jumanne, na kopo la rangi mkononi."

Gichovi akamtazama mkewe. "Mama Nyaga, hebu nenda uangalie chai."

"Chai haitoroki. Sema."

"Ni jambo dogo sana."

"Sema dogo hilo."

Mzee alivua kofia. Alionekana kama mvulana aliyekamatwa jikoni, tena mvulana mrefu sana.

"Ni asali," akasema.

Ikatoka polepole. Alikuwa amewaahidi wazee wa Mitunguu asali ya mizinga yake mwenyewe, siyo ya kununua, maana asali ya uchumba baba wa kijana huitoa kwake. Aliifunga kwenye mtungi, akaupakia nyuma ya vani. Walipofika Runyenjes akaona ni vizuri aionje, asije akapeleka kitu kilichochacha. Pale pale akaonja tena kuhakikisha. Hakukaza kifuniko. Kona za barabara ya Thuci zikafanya kazi yao. Walipofika Chuka, nusu ya asali ilikuwa chini ya benchi.

"Ndiyo sababu ulitutuma soda, wote," Cicily akasema.

"Ndiyo."

"Na wewe ukaenda wapi?"

"Sokoni."

Cicily aliweka mikono kiunoni.

"Ulipeleka asali ya soko kwa wakwe."

"Nusu tu. Nusu ilikuwa yangu."

"Ndiyo maana!" Celina akasema ghafla. "Wazee walisema ina ladha mbili. Mmoja akasema nyuki wa Embu wanakula maua ya aina mbili." Akaanza kucheka, akajaribu kujizuia, akashindwa, akashika mti wa avokado. Hata Ntinyari aligeuka upande, akajifanya anakunja kebo.

Gichovi akapata moyo kidogo. "Nilitaka kusafisha kabla Mama Nyaga hajaona. Nikaosha na maji ya moto, sisimizi wakaja. Nikapiga msasa, wakaja. Nikasema nipake rangi, harufu ya asali ipotee."

"Na ukaniacha nimwite mtoto wa watu mwizi," Cicily akasema. "Siku zote hizi. Nimetuma ujumbe kwa wazee, wewe uko hapo unamenya ndizi."

"Nilijua tutanunua altaneta na itaisha."

Kicheko cha Celina kilikatika hapo. Alisogea mpaka mbele ya mzee.

"Baba Nyaga, asali tulikula na hakuna aliyeuliza ilitoka wapi, na hilo sitalisema kwetu. Lakini mtoto wangu ameitwa mwizi. Fundi akiitwa mwizi hakuna mtu anamwachia ufunguo wa gari tena. Makandi analia chumbani. Ulikuwa unaona?"

Gichovi aliinamisha kichwa. Aliangalia kofia yake.

Ntinyari angeweza kufunga mkoba wake wakati huo. Alikuwa na mhusika, sababu na maungamo. Lakini kuna swali lilikuwa limebaki, na lilitokana na kazi yake ya zamani.

"Ulipofungua hiyo bolti, Baba Nyaga, betri ulikuwa umeitoa?"

"Betri? Hapana."

"Hakuna kilichotokea?"

"Spana iliteleza kwenye ule waya mwekundu. Ikapiga cheche, paa! Redio ikazima." Alitabasamu kidogo. "Lakini hiyo niliitengeneza mwenyewe. Nilipata fyuzi yake kule kwa betri, imekatika. Nikafunga na waya wa shaba. Mpaka leo haijakatika tena."

Ntinyari hakutabasamu. Alifungua boneti tena, akatafuta kile kikasha cha fyuzi kwenye waya mwekundu. Ndani yake, mahali pa fyuzi, palikuwa na waya wa shaba uliosokotwa vizuri, wa kudumu, kazi ya mtu mwenye bidii. Akarudi nyuma. Akaondoa benchi la watoto, akashika pembe ya kapeti, akaivuta.

Nyaya mbili nyembamba za sauti zilipita pale chini. Mpira wake ulikuwa umelainika na kuvimba kama soseji iliyosahauliwa kwenye mafuta. Sehemu moja ulikuwa umepasuka, nyuzi zikaonekana. Upande wa chini wa kapeti ulikuwa na mstari wa kahawia, na katikati ya mstari huo palikuwa pameungua, peusi, pana kama kiganja.

"Njoo uguse, Mama Nyaga."

Cicily akagusa. Akarudisha mkono haraka.

"Kuna joto."

"Tumewasha kwa muda mfupi tu. Amplifaya ilipokosa njia nzuri ya kurudi, umeme wake mwingi ulitafuta pengine. Ukapita hapa, kwenye waya huu mwembamba uliotengenezwa kubeba sauti tu. Yule mbu mliyemsikia ndio huo umeme ukipita pasipo pake. Na fyuzi iko pale ili mambo yakizidi ikatike, gari linyamaze, watu waulize kuna nini. Shaba haikatiki. Shaba inaacha moto uende." Akafunika kapeti, kisha akabadili mawazo, akaiacha wazi. "Nimeingia ndani ya magari yaliyoanza hivi. Yalianza na kelele, na wenyewe wakaongeza sauti ya muziki ili wasiisikie."

Cicily alikuwa anaangalia lile doa jeusi, kisha benchi. Ndipo wanapokaa wadogo zaidi, kwa sababu miguu yao haifiki chini. Jumanne walikwenda Runyenjes wakarudi. Yeye mwenyewe aliwaambia waimbe kwa nguvu, wamshinde mbu.

Gichovi alikaa chini, kwenye nyasi, kama mtu aliyesukumwa. "Sikujua," akasema. "Mama Nyaga, aki sikujua."

"Nipe namba ya Mithika," Cicily akasema.

Celina akabonyeza simu yake, akaweka sauti ya nje, akampa. Ililia kidogo tu, ikapokelewa. Kelele za nyundo na redio za mjini Meru zikasikika.

"Mama? Wamesemaje?"

"Si mama. Ni mimi, Mama Nyaga." Cicily alisogeza simu karibu. "Nimepiga kukuambia... Ni Baba Nyaga aliyefungua athi. Akapaka rangi. Fyuzi iliungua, akaweka shaba, na waya hapa chini ya kapeti umeyeyuka. Mimi nilikuita..."

"Shaba?" Mithika akamkata. "Mama, ngoja. Betri imetolewa?"

Ntinyari, aliyetaka kila kitu kibaki kilivyo mpaka Cicily aone kwa macho yake, aliangalia boneti iliyokuwa wazi. Waya mwekundu ulikuwa bado na umeme kutoka mwanzo hadi mwisho. Akahisi masikio yake yakipata moto.

"Haijatolewa," akasema.

"Itoeni sasa. Upande hasi kwanza. Spana namba kumi. Mambo mengine tutaongea baadaye. Watoto wako ndani?"

"Hawako," Cicily akasema. "Hawajafika."

"Wasiingie. Hata gari likiwa limezimwa. Natoka hapa sasa hivi, nakuja."

Ntinyari alishika spana, lakini Cicily alimnyang'anya. Alikwenda mbele mwenyewe, akainama juu ya betri na kitenge chake cha kanisani, akafungua nati huku akisukuma hewa kwa pua, akang'oa waya na kuuweka mbali. Akarudi, mikono myeusi, akaishika simu kwa vidole viwili.

"Nimetoa. Mithika, nilikuita mwizi, na nilikuita hivyo mbele ya watu. Jumamosi nitasimama mbele ya wazee kama nilivyosema. Nitasema jina, lakini siyo lako. Unanisamehe?"

Nyundo za Meru zilisikika kidogo. Kisha kijana akasema, kwa sauti iliyoshuka, "Nimekusamehe, mama. Lakini Baba Nyaga asiguse kitu mpaka nifike."

"Hatagusa hata kikombe," Cicily akasema.

Celina alikuwa ameshafunika uso kwa leso, mabega yakitikisika, na Ntinyari hakutaka kujua kama ni kicheko au kilio. Akakunja kebo zake.

Shule zilikuwa zimefungwa, na watoto wa kwaya walifika mchana kwa mazoezi, kundi zima, wakigombania kama kawaida nani atakaa karibu na spika. Wakakuta mlango wa nyuma umefunguliwa na Cicily amesimama mbele yake, mikono imetandazwa.

"Leo hakuna kupanda. Tunakwenda kwa miguu, tunaimba tukitembea."

"Kwa nini, Mama Kwaya?"

"Fundi wetu amekataza."

"Fundi gani?"

Cicily aliangalia upande wa Celina, akamwangalia usoni, kisha akawageukia watoto.

"Mithika. Ndugu yake Makandi, bibi harusi wetu. Akisema gari haliendi, haliendi. Haya, pangeni mstari."